Shamba Halijashindwa na Mibaruti

Kaka Mutwiri,

Nakusalimu, kwa sababu mama alitulea tukijua kwamba hata mtu uliyemkasirikia husalimiwa kwanza. Mgongo wa baba unaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Na yule ng'ombe mweusi, amezaa? Huku Mbeere sisi tu wazima. Watoto wanaenda shule, jua linawaka vile unavyolijua, na mikono yangu bado ninayo yote miwili, ingawa ukiiona hutaamini ni ya dada yako. Salamu zimeisha. Sasa nisikilize.

Nimeandika barua kwa sababu kwa simu hunipi nafasi. Mara ya mwisho ulinipigia ukiwa Makutano, kelele tupu nyuma yako, ukaniambia, "Kagendo, achana na hilo jangwa. Nitakuja na pikapu tubebe vitu vyako urudi nyumbani Kanyakine." Nilipofungua mdomo nikujibu, ukasema unavuka barabara, ukakata. Barua haikatwi. Utaisoma mpaka mwisho, na usipotaka, mke wako ataisoma akuambie.

Unajua vile mume wangu Nyaga alivunjika nyonga pikipiki ilipomgonga. Misimu miwili nilikuwa hospitalini naye zaidi kuliko nilivyokuwa nyumbani. Tuliporudi, shamba lilikuwa mibaruti tupu, kutoka kwa mlango mpaka korongoni. Nyinyi huko juu mnauona mbaruti mmoja mmoja kando ya barabara mnafikiri ni ua la kupendeza. Kweli ua lake ni la manjano na linang'aa. Lakini majani yake yana miiba mpaka kwenye mishipa, ukiukata unatoa maji ya manjano kama usaha, na hakuna mbuzi mwenye akili anayeugusa. Ukikauka, vifuko vyake hupasuka na kumwaga mbegu ndogo nyeusi, na hizo mbegu hulala udongoni miaka na miaka zikingoja mvua.

Njiru, kaka mkubwa wa Nyaga, ambaye shamba lake linapakana na letu, alikuja akasimama mpakani akacheka. "Shamba likimshinda mwenyewe linarudi kwa ukoo," akasema kwa sauti, ili Nyaga asikie. Nyaga alikuwa amekaa mlangoni na mikongojo yake. Alisikia. Akageuza uso akaangalia kuku.

Basi nikashika kazi peke yangu. Kwanza nilipiga dawa ya magugu. Majani yakakauka nikafurahi kama mjinga. Mvua ilipokuja ikaota mingine, mingi zaidi, maana dawa huua kilichoota tu, haifiki kwa mbegu. Nikaiacha dawa nikashika jembe. Mibaruti ikichipuka tu, kabla haijapata wazo la kutoa ua, niliing'oa na mizizi. Ile mikubwa niliikata chini ya udongo, mikono nimeifunga magunia, nikairundika juu ya mwamba na kuichoma na vifuko vyake. Watu waliniambia nikodi maksai walime mara moja yaishe. Nilikataa. Ukigeuza udongo unaamsha zile mbegu zilizolala chini. Kila nilipomaliza kipande nilipanda kunde, nikazibananisha zifunike ardhi, mibaruti ikose jua. Jioni nilitoa miiba vidoleni kwa sindano. Wakati wewe ukiwaambia watu wa kanisa kwamba dada yako anateseka jangwani, dada yako alikuwa anashinda. Nusu ya shamba ilikuwa safi kama ua wa mama.

Halafu, mvua za vuli zikiwa karibu, nilitoka asubuhi moja na jembe begani nikakuta mibaruti mikavu imetapakaa kwenye ile nusu niliyoisafisha. Mibaruti haitembei, Mutwiri. Ilikuwa imekatwa kwa panga, ikaburutwa, na vifuko vyake vikapigwapigwa mpaka vikamwaga kila kitu. Mbegu zilikuwa juu ya vumbi kama mtu amemwaga pilipili manga. Nilikaa chini nikalia. Sikulia hivyo hata siku Nyaga alipogongwa.

Nilimkuta Njiru kwake akinywa chai.

"Umenipandia mibaruti," nikamwambia.

"Ni upepo."

"Upepo una panga?"

Akaweka kikombe chini polepole. "Mama, nenda nyumbani. Wewe ni mgeni hapa. Hata kwenu wanajua wewe ni wa kurudi."

Sikuelewa maana ya hayo maneno ya mwisho. Nilikuja kuyaelewa mbele ya naibu wa chifu.

Maana nilimshtaki. Nyaga aliniambia niache tu, eti Njiru ni ndugu. Nikamwambia hata mimi nina ndugu, lakini shamba ni hili moja, nikiliacha sina pengine. Naibu wa chifu akaja na wazee wa ukoo, wakatembea shambani, wakainama wakaokota mbegu wakazitazama kwenye viganja. Kisha tukakaa. Njiru akasimama amevaa koti lake la kanisani. Alisema ni upepo. Alisema shamba limetushinda. Na alipoona wazee hawamwitikii kwa vichwa, akatoa simu mfukoni akaiinua juu.

"Kaka yake mwenyewe, Mutwiri wa Kanyakine, alinipigia. Aliniambia, 'Dada yangu hakai huko. Chukueni shamba lenu, mimi namchukua mtu wangu.' Sasa huyu mama anapigania nini?"

Naibu wa chifu akanigeukia. "Ni kweli kaka yako alisema hivyo?"

Ungenijibia nini? Niliijua sauti yako ndani ya maneno hayo. "Mtu wangu." Kama mbuzi uliyemwazima mtu. Nilisimama pale mbele ya wanaume wote, miiba bado vidoleni, na ndugu yangu wa tumbo moja alikuwa ameshanisemea. Nikamtazama Nyaga. Alikuwa anatazama ncha za mikongojo yake.

Aliyesimama ni mama mkwe. Unamkumbuka, yule mzee mfupi aliyekataa soda siku ya ruracio, walipoleta mahari kwetu. Tangu niolewe hajawahi kuniita kwa jina. Mimi kwake ni "yule wa Meru". Alisimama bila kuomba ruhusa.

"Si upepo," akasema. "Nilikuwa nafungulia mbuzi. Nilimwona Njiru akiburuta mibaruti kuvuka mpaka."

"Mama!" Njiru akaruka. "Unasema nini mbele ya watu?"

"Nasema nilichoona. Nyote wawili niliwanyonyesha. Baba yenu aligawa hili shamba akiwa hai, na nilikuwepo. Huyu wa Meru ndiye amelilima. Nisinyamazishwe."

Wazee waliamua shamba ni la Nyaga na mpaka unabaki ulipo, na Njiru aje ang'oe kwa mikono yake kila kitakachoota pale alipomwaga. Njiru alikuja siku moja tu. Alipiga teke udongo, akang'oa michache, akaenda zake. Sasa ameziba ile njia ya kwenda kisimani inayopita kwake, kwa hiyo mimi na punda tunazunguka kupitia korongoni. Tukikutana hanisalimii, nami simsalimii, mama anisamehe.

Na mama mkwe ameulipia ushahidi wake. Njiru alimwambia aende akale kwa yule aliyemtetea. Alikuja jioni ileile na kigoda chake na mbuzi wake watatu, akakaa jikoni akaniuliza kwa nini muthokoi wangu, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, hauivi. Sasa analala na watoto. Hanipendi sana, na nyumba ni ndogo, lakini anakula kwangu na atakula mpaka Mungu amchukue.

Mvua ilinyesha. Mibaruti ikaota pale Njiru alipomwaga, mingi mpaka huwezi kuweka mguu, kijani kama zulia. Niliianza upande wa chini. Siku ya pili niliinua kichwa nikamwona Nyaga. Alikuwa ameacha mikongojo mlangoni, amekaa kitako kwenye matope, jembe limekatwa mpini likabaki fupi, anang'oa mbaruti mmoja, anajivuta kwa mkono, anang'oa mwingine. Bado nina hasira naye kwa siku ile ya wazee, na sijamwambia asante. Lakini kila asubuhi yuko pale kabla yangu, na kwenye upande wake haachi hata mzizi. Tumeshamaliza mara tatu na bado inachipuka. Tutaing'oa mara ya nne. Kunde zimeshaanza kufunika.

Sasa ni wewe. Usije na pikapu. Ukija nayo utairudisha tupu. Mimi si mtu wako wa kuchukuliwa, na shamba hili hukupewa uligawe. Mpigie Njiru kwa simu ileile, umwambie ulisema jambo lisilokuhusu. Kisha mpigie naibu wa chifu umwambie vivyo hivyo, maana aliyasikia maneno yako mbele yangu. Mpaka ufanye hivyo, usinipigie. Sitapokea.

Msalimie baba, umwambie mguu wa Nyaga unapata nguvu kidogo. Msalimie mke wako ambaye ameshakusomea mpaka hapa, na dada yetu mwalimu aliyeko Kinoru, umwambie zile sare za watoto zilifika na zinawatosha. Shangazi mdogo wa baba naye msalimie, asiache kutuombea. Mama msalimie kuliko wote. Sijamwambia ulichofanya. Nimekuachia umwambie wewe mwenyewe, ukimtazama usoni.

Ni mimi dada yako, mke wa Nyaga, niko shambani kwangu,

Kagendo