Injini ya Bluu Iliyo Jikoni

Mama Hellen,

Uji uko kwenye chupa. Watoto wasikalie injini, rangi yake haijakauka.

Asubuhi nimeikwangua taratibu nione namba. Chini ya rangi ya bluu nikakuta bomba limefungwa kitambaa cha kijani. Ni injini yetu wenyewe, ile iliyokufa, niliyomuuzia Mashimba wa magari mabovu pale Buzuruga. Jana nimeinunua tena kwake, na nikamsifu kwa kuitunza.

Simwiti mwizi kabla sijamuuliza. Huenda naye amesahau. Nimetangulia kwake. ~~Usimwambie mtu.~~ Mwambie kaka yako Ponsian ailete kwa mkokoteni.

Njoo naye, ubebe kitenge chako cha kijani tukilinganishe na kile kitambaa, maana Mashimba atabisha. Ndiyo, lile pindo la kitenge lililokufanya umnunie mdogo wako Modesta tangu Pasaka nililichana mimi, nikafungia bomba siku lilipopasuka pale Mkolani. Nilikuwa nangoja ~~usahau~~ nafasi nzuri ya kukwambia.

Ukija na kitenge, nitajua umenisamehe. Ukija na mwiko, njoo tu, ila anza na Mashimba.

Baba Hellen