Santuri ya Mama Iliyorudi na Ufa

Temeke Mikoroshini,
Dar es Salaam.
Jumapili, 10 Aprili 1994.

Kwa dada yangu Mwanaheri,

Shikamoo Dada, na asalaam alaykum wewe na wote mlio hapo Lindi. Kwanza nauliza habari za goti. Limekubali ile dawa ya kuchua, au bado linatabiri mvua kuliko redio? Sie huku tunamshukuru Mungu. Wifi yako Zubeda kifua kilimbana wiki iliyopita lakini sasa ameshapata nguvu za kunigombeza, kwa hiyo najua amepona. Mie ni mzima, isipokuwa tumbo, ambalo siku hizi linanitangulia kila niendako kana kwamba lina miadi ambayo sijaambiwa.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimefurahi sana kusikia kwamba arusi ya mwanao Farida ni tarehe 30, tena hapa hapa nyumbani Temeke, na kwamba huyo kijana wa Tabata ana kazi na anaswali. Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, Zubeda akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Kisha nikafika ukurasa wa pili. Umeandika kwamba hutaki zawadi yoyote kutoka kwangu, unataka kitu kimoja tu: siku ya kumtoa bibi arusi, kabla hajavuka kizingiti, nipige santuri ya Mama kwenye lile gramafoni la mkono, ili Farida atolewe kwa sauti ya bibi yake kama ulivyotolewa wewe. Hapo nikaacha kusoma kwa sauti. Zubeda akauliza kuna nini, nikamwambia mwandiko wako umeharibika.

Dada, santuri niliiuza. Nalisema mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umeshakasirika, maana nakujua, ukiwa na hasira husomi kwa kurukaruka. Haikuwa yangu kuuza. Mama alikuachia wewe, na mie nilikuwa mtunzaji tu kwa sababu nyumba uliyoolewa haikuwa na gramafoni.

Ilianza Desemba. Unajua kwamba kiwanda kilitupunguza, na kiinua mgongo nilichopewa hakikuinua hata kidole. Siku moja nikafungiwa karanga kwenye gazeti, na ndani yake nikaona tangazo. Bwana mmoja aitwaye Albano, wa S.L.P. ya huko Moshi, alikuwa ananunua vitu vya kale: hela za Mjerumani, stempu, santuri za zamani. Nikamwandikia. Akajibu kwa haraka na kwa adabu nyingi, akaniita mheshimiwa. Mie sijaitwa mheshimiwa tangu nizaliwe, Dada. Nadhani biashara iliishia pale pale, yaliyofuata yalikuwa makaratasi tu.

Alitaka santuri isiyo na alama wala kasoro, na alitaka niandike hivyo kwa mkono wangu, mjumbe wetu wa nyumba kumi agonge muhuri. Unakumbuka lile doa jekundu ambalo Mama alilitia katikati ya santuri, kwa rangi ile ile aliyopaka chini ya masufuria na sahani zake, ili vikiazimwa kwenye shughuli za watu virudi nyumbani? Doa lile lilirudisha santuri yetu kutoka Mbagala, kutoka Ilala, mara moja hata kutoka Bagamoyo. Nilikaa uani na pamba, mafuta ya taa na wembe, nikalitoa taratibu mpaka pakawa safi. Kisha nikaandika kwamba haina alama hata moja. Mzee Kondo, ndiye mjumbe, akagonga muhuri bila kutazama, maana alikuwa anakula. Bwana Albano akatuma hawala ya posta, mie nikaifunga santuri kwa magazeti na kanga kuukuu, nikaikabidhi kwa watu wa vifurushi vya basi.

Fedha zile nilinunulia friji la mtumba, Zubeda auze barafu na juisi ya ukwaju. Na wewe Dada unasikiliza redio, unajua mwaka huu kuna nini. Mgao wa umeme. Nadhani katika mji mzima wa Dar es Salaam ni mimi peke yangu niliyenunua friji wiki ambayo mgao ulitangazwa. Tunatunzia ndani yake viatu na unga.

Mwezi wa tatu kifurushi kikarudi. Magazeti yalikuwa yale yale, kanga ile ile, lakini santuri ilikuwa na ufa kutoka ukingoni mpaka karibu na karatasi ya katikati. Ndani mlikuwa na barua, na humo sikuwa mheshimiwa tena. Bwana Albano aliandika kwamba nimemuuzia kitu kibovu, kwamba anao waraka wangu wenye muhuri, na kwamba fedha zake zisipomfikia ifikapo tarehe 20 Aprili atanifikisha mahakamani kwa udanganyifu.

Niliishika mkononi, nikajua papo hapo kwamba hii si yetu. Wimbo ni ule ule, kikundi cha taarabu ni kile kile alichoimbia Mama, karatasi ya katikati rangi ile ile, lakini si yetu. Bwana yule alikuwa na yake yenye ufa, akaitaka nzima, akanirudishia bovu lake pamoja na deni. Nikaenda mbio kwa Mzee Kondo. Nilimkuta barazani na watu wanne watano, na mie kwa hasira nikaeleza yote mbele yao. Akatoa nakala ya waraka wangu akaisoma kwa sauti ya hotuba. Halafu akaniuliza swali la kiungwana kabisa: nimejuaje kwamba hii si ile? Nikasema yetu ilikuwa na doa. Akanionyesha kwa kidole nilipoandika kwamba haina alama. Akauliza kama kuna kingine. Nikasema roho ndiyo inaniambia. Watu wakacheka, Dada, na Mzee Kondo akasema daftari lake halina safu ya roho. Alinishauri nilipe kabla sijaongezewa gharama za kesi.

Kulikuwa na kingine. Wewe unakijua, na ndicho ninachokizunguka tangu mwanzo wa barua hii.

Yetu ilikuwa inaruka. Mama anapofika kwenye ubeti wake anaimba “Nenda kwako mwanangu,” halafu tok, sindano inakimbilia kwenye fidla. Watu wote waliopita nyumbani kwetu wanaujua ule mruko, hata kuuimba tuliuimba nao. Ningeutaja mbele ya Mzee Kondo, angepata uthibitisho. Lakini kwenye ule waraka nilikuwa nimeandika pia kwamba santuri yangu inapiga mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Nikisema yangu inaruka, nimekiri kwamba nilimdanganya mnunuzi. Nikisema hairuki, basi hii yenye ufa ndiyo yangu. Nimekaa na jambo hilo wiki tatu, Dada, nikilala nalo na kuamka nalo, na kila upande ninaogeukia nakutana na mwandiko wangu mwenyewe.

Mara moja moja hunijia kicheko, nikimfikiria Bwana Albano huko Moshi anapiga santuri aliyoiiba, mara tok, inamrukia. Hawezi kulalamika hata kwa mkewe. Ameshaandika kwamba ameirudisha.

Ijumaa baada ya swala nilifanya jambo ambalo sikuwa na ujasiri wa kulifanya tangu kifurushi kirudi. Nililitoa gramafoni, nikalizungusha mkono, nikaweka hii yenye ufa. Ufa unagonga kila duara, kama mtu anayebisha mlango bila kuchoka. Lakini inapiga. Mama alipofika kwenye ubeti wake sindano haikuruka. Akaimba: “Nenda kwako mwanangu Mwanaheri, mlango wangu sifungi.”

Lipo, Dada. Jina lako lipo, limetamkwa lote, wala hakuna wa kulibishia.

Sasa nakuomba ukae, kama umesimama. Mie nililijua. Nililijua siku zote. Ilipoletwa santuri ile nyumbani wewe ulikuwa na miaka kumi na mie sita, na wewe uliipiga kutwa nzima, ukifika pale unanitazama. Kila siku ulinitazama. Mie nilisubiri jina langu upande wa kwanza, nikasubiri upande wa pili, halikuwamo. Siku mlipokwenda kisimani nilichukua msumari. Nilichora mahali pamoja tu, nilipajua vizuri kabisa. Mama alipogundua aliamini ni wewe kwa sababu ndiwe uliyekuwa unaipiga, akakuchapa kwa mwiko, na mie nilisimama nyuma ya pazia nikitazama. Miaka miwili baadaye akafariki. Hakubaki mtu aliyesikia jina lile isipokuwa wewe na mimi.

Halafu mwaka sitini na tatu, siku ya arusi yako, ukiwa kizingitini, sindano iliporuka ukawaambia shangazi zetu kwamba pale ndipo Mama anapokutaja. Wakanigeukia mie, wakaniuliza kama ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimevaa kanzu mpya. Nikasema sijawahi kusikia jina lolote, labda ametaja sufuria. Arusi nzima ikacheka. Ndiyo siku ulipoanza kuitwa Bibi Santuri, na hata wanao wakikuona unadai jambo lisilo na ushahidi wanakuita hivyo hivyo. Umelibeba jina lile miaka thelathini na moja na hukuwahi kunigombeza. Kila nilipokutania, ulisema tu kwamba ipo siku.

Kwa hiyo usiamini nilipoandika kwamba niliiuza kwa ajili ya kiwanda na mgongo. Shida ilikuwepo. Lakini nilipoifunga kwenye magazeti niliona mzigo unanitoka, maana nilikuwa nauza msumari wangu uende Moshi. Ule mruko ndio uliokuwa ushahidi wangu pekee dhidi ya mwizi, na niliutengeneza kwa mkono wangu, kisha nikaukana kwa mkono huo huo.

Zubeda nilimwambia jana yote haya, na kwamba nataka kuuza friji. Hakufoka. Aliuliza tu kama jina la mtu linaweza kugandisha barafu. Kisha akachukua ncha ya kanga akaipangusa santuri, akatoa viatu na unga kwenye friji. Kuna mwenye duka wa Gongo la Mboto analitaka, anakuja kesho kulichukua. Fedha zinaenda kwa Bwana Albano kabla ya tarehe 20. Sitamshtaki. Akipata fedha zake, hii yenye ufa inakuwa yangu kihalali, yaani yako. Leo alasiri nimekwenda tena kwa Mzee Kondo kumweleza juu ya mruko, aliandike kwenye daftari lake kama safu inapatikana. Akasema alishuku tangu siku ile kwamba nina jambo, ila alitaka kuona nitakaa nalo mpaka lini.

Farida atatolewa kwa wimbo ule. Nimeipiga mara tatu, na mara ya tatu kipande chembamba kilichomoka ukingoni kama ukucha, kwa hiyo sitaigusa tena mpaka siku yenyewe. Nadhani imebakiza mara moja tu. Kabla ya kuweka sindano nitasema mbele ya watu yote niliyokuandikia humu, na shangazi aliyebaki nitamkalisha karibu, maana masikio yake hayako sawa. Naliogopa hilo kuliko mahakama.

Barua hii anakuletea Nesi Felicitas anayerudi kazini Lindi. Nimeibana kwa gundi mara mbili, lakini huenda ameisoma hata hivyo, kwa hiyo usimtazame usoni sana. Wasalimie wajukuu wote, mwambie Farida mjomba wake anaona fahari, na mkifika kivuko cha Ndundu msipande ikiwa maji yamejaa, subirini. Kama baada ya kusoma utaamua kumwachia mtu mwingine kazi ya kuendesha gramafoni, nitaelewa. Ila nakuomba uje uwe mbele kabisa, pale kizingitini, mahali pale pale uliposimama wewe, na Mama akifika kwenye ubeti wake, unitazame.

Ni mimi mdogo wako,
Twaha