Nilisema Redioni "Awasikilize Vyura", Sasa Mama Mkwe Hapandi

Mpendwa Dada Sabra, naomba msaada wako haraka, maana mambo yakiendelea hivi Krismasi sitakuwa na uso wa kwenda ukweni.

Mimi ni mtafiti wa vyura hapa Morogoro, mume wangu Deogratias kwao ni Mgeta, huko milimani, na hivi karibuni alikuja ofisini mwandishi wa redio anaitwa Oscar, mtu mstaarabu tu, akataka nimweleze utafiti wangu, nami nikamweleza kwa kirefu kwamba vyura wa mabondeni hulia zaidi udongo ukishika unyevu, ila takwimu ni za awali, sampuli ni ndogo na vigezo ni vingi, mpaka nikamwona anapepesa macho, mwisho akauliza, "Kwa hiyo Daktari, mkulima afanye nini?" nami kwa utani nikamjibu, "Awasikilize vyura."

Dada, kilichorushwa ni hicho tu, na kicheko changu wamekikata.

Basi mama mkwe, Mama Magdalena, kuisikia sauti yangu akawatangazia wenzake wa jumuiya kuwa mkwe wake kasema njegere zisipandwe mpaka vyura walie, nao wakamfuata, mvua ikaja, vyura wa bonde lao kimya, mbegu zingali kwenye kapu, wakati jirani yao Yohana, ambaye redio yake ni mbovu, njegere zake zimeshaota, na kila nikimpigia mama nimweleze ananiwahi kwa fahari, "Tunakusikiliza wewe, mwanangu," nami naishia kumsalimia tu na kukata simu. Namba ya Oscar nimeizuia. Nimeapa sitaongea tena na waandishi. Je, nimshtaki?

Mtafiti Mwenye Haya, Morogoro

*

Mdogo wangu, pole. Nimecheka kwanza, nikakusikitikia baadaye.

Umshtaki kwa lipi? Sauti ni yako na maneno ni yako. Nimempigia Oscar mwenyewe. Amekiri kwamba yale mengine hakuyaelewa na aliona aibu kuuliza tena, akachukua sentensi pekee iliyomwingia akilini. Amekosea, nami nimemwambia hivyo bila kumung'unya. Alipogundua, akakutafuta ili asahihishe, akakuta umemfungia mlango. Hapo mwenye kosa ni nani?

Ifungue namba yake leo. Yuko tayari kukupa nafasi kwenye kipindi cha wakulima Jumamosi asubuhi. Kabla hujaenda, tafuta sentensi moja ambayo ungependa mkulima abaki nayo, uijaribu kwa Deogratias, akiuliza "maana yake?" anza upya. Sema pia, bila kuzungusha, utafiti wako hausemi nini. Usichokijua, jibu kwamba hukijui. Hakuna atakayekunyang'anya udaktari. Mwandishi akikaa kimya usidhani ameelewa, mwombe akueleze alichosikia. Na utani wako uweke wa nyumbani, kipaza sauti hakijui kucheka.

Lakini Jumamosi ni mbali, na mama yule asisikie redioni, mbele ya wenzake, kwamba mkwewe alikuwa anatania. Amekuamini hadharani, usimwaibishe hadharani. Panda mlima uende Mgeta kesho alfajiri. Ukifika, mpe shikamoo yake, kaa naye jikoni, umwambie, "Mama, nilisema vibaya, njegere zipandwe." Atanuna kidogo, kisha atakuuliza umekula. Wenzake atajua mwenyewe namna ya kuwaambia.

Makala zako za kitaalamu ziache mezani. Nenda na jembe.

Dada Sabra