Pazia la Mifuko

Mama,

Pazia nimelishusha. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeliulizia kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Limeshuka, limefuliwa, limekunjwa mara nne, na sasa hivi ninapokuandikia nimelikalia. Usinikasirikie. Ngoja nikueleze ilivyokuwa tangu mwanzo, maana wewe hukupenda habari za kudonoadonoa.

Tangu ulipotuacha, mimi na mdogo wangu Ndinda tumebaki hapa hapa Kitengela, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ya Mama Wanjiru, chumba kile kile cha futi kumi kwa kumi. Ng'ambo ya barabara, pale Wamasai walipokuwa wakipitisha ng'ombe, watu wanajenga nyumba za ghorofa. Mvua ikinyesha, matope meusi bado yanatufuata mpaka mlangoni, na kile kipande cha gunia ulichokishonea ukingo bado kinayapokea. Dari yako ya magunia nimeipaka chokaa mara moja tangu uende. Kuta nimeziacha ulivyozipaka, kahawia chini na nyeupe juu. Ulikuwa ukisema uchafu wa watoto haupandi zaidi ya kiuno, na ni kweli, ingawa watoto wenyewe tumeshakuwa wanawake.

Majirani sasa wananiita mimi. Mtu akihamia ploti, Mama Wanjiru anamwambia amtafute mtoto wa marehemu amwonyeshe pa kuweka kitanda. Nami naenda na kusema maneno yako kana kwamba ni yangu. Inua kitanda kwa matofali, chini yake ndiyo stoo. Sufuria zining'inie ukutani, zisikae mezani. Kioo, hata kiwe kipande, kitazame dirisha, kitakuletea dirisha la pili bila kubomoa ukuta. Na usinunue chochote kabla hujapima mlango.

Unamkumbuka yule baba wa nyumba ya tatu? Alileta sofa za watu saba kwenye chumba cha watu wawili. Zikagoma mlangoni, fundi akang'oa fremu, zikaingia, na kwa miezi mingi yeye na mkewe wakawa wanaenda kulala kwa kuparamia viti. Ulicheka mpaka ukaketi kwenye ndoo. Kisha ukamwendea na kamba yako ukamsaidia kupanga, maana ulikuwa ukicheka watu lakini huwaachi.

Kamba zako, Mama. Wengine wana futi ya chuma, wewe ulikuwa na kamba ya katani. Ukipima kitu unaikata, unapiga fundo kila upande, unafunga uzi wa rangi ili usisahau. Nyekundu ya kitanda, nyeusi ya meza, nyeupe ya viti. Nazo ukazitia kwenye pazia.

Lile pazia uliliunganisha mwenyewe kwa mabaki ya kiwanda cha nguo ulikokuwa ukishona, suruali zilizokataliwa kwa kosa dogo, na hukuitoa mifuko yake. Chumba chetu kikapata ukuta wenye mifuko ishirini na sita. Vijiko huku, vitana kule, kalamu za Ndinda, kadi za kliniki, uzi na sindano. Mfuko wa juu kabisa karibu na ukuta, ule wenye kifungo, ulikuwa wako, na hatukuwa na ruhusa ya kutia mkono. Nyuma ya pazia kilikuwa kitanda chako. Huko ndiko ulikougulia, huko ndiko ulikofia.

Sasa nikwambie ukweli. Kwa mwaka mzima, kitanda chako hakuna aliyekilalia. Kila jioni mimi na Ndinda tulivuta godoro letu kutoka chini yake, tukalitandika upande huu wa pazia kama zamani, kana kwamba bado unakohoa huko nyuma. Hakuna aliyesema tufanye hivyo. Tulifanya tu.

Basi Ndinda amepata mchumba. Anaitwa Kyalo, mtoto wa watu wa Kajiado mjini, mpole, anasalimia hadi kuku. Wazazi wake wakatuma ujumbe kwamba wanataka kuja kubisha hodi ya posa. Furaha ya Ndinda ilidumu siku moja. Siku ya pili akaanza kuangalia chumba chetu kwa jicho la mgeni. Kwao Kyalo kuna nyumba ya mawe, na kabati la ukutani linalofika darini, limejaa glasi zisizonywewa chai. Ndinda akaenda bila kuniambia, akamwomba Mama Wanjiru sebule yake kwa mchana mmoja. Mama Wanjiru, na moyo wake ule, akakubali.

Nikapandisha mori. Ndinda naye akawaka. "Sista, hawa watu watakaa wapi? Kwa kichwa yangu?"

Nikamkumbusha ile saa. Yeye alikuwa mchanga, anaijua kwa kusimuliwa tu, lakini mimi nilikuwepo, na mkosaji ni mimi. Baba alikuwa amekufa, na ndugu zake wakawa wanakuja kuona tunaishije. Ukaogopa watasema huwezi kutulea. Ukaazima kwa Mama Wanjiru vitambaa vya kufumwa, glasi sita na saa ya ukutani. Chumba kikapendeza kama cha mwalimu mkuu. Baba mkubwa akatazama ukutani akasema kumbe saa ni nane tayari, nami, kwa adabu zangu zote za darasa la kwanza, nikamweleza kwamba hiyo saa ni ya Mama Wanjiru na tutairudisha wakishaenda. Glasi nazo. Na kile kitambaa ulichokikalia pia, baba mkubwa.

Hukunichapa. Ulirudisha kila kitu jioni hiyo hiyo, ukarudi, ukasema, "Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Wiki iliyofuata ukaanza kushona pazia.

Kwa hiyo nilimwambia Ndinda kwamba wageni wa binti wa Mama watapokelewa kwa Mama, basi. Nilisema kwa sauti kubwa, nikajiona mlinzi wa heshima yako. Lakini nilipokaa kuhesabu wageni sita, mjomba wetu kutoka Makueni na sisi wawili, hesabu ilikataa. Chumba kingetosha tu kitanda chako kikiondoka. Hapo nikaanza kuzunguka. Nikasema wengine wakae nje. Nikasema waje nusu nusu. Ndinda akaniangalia, na safari hii hakupiga kelele. "Wewe unataka wageni waje kwa mama, na hutaki mama aende."

Nilitoka nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu. Alikuwa amesema kweli, na iliniuma kwamba mdogo wangu ndiye aliyeiona.

Asubuhi ya siku iliyofuata, Ndinda akiwa kazini, nilipanda kwenye stuli nikalitungua pazia. Nikatoa vitu mfuko kwa mfuko nikiviweka mezani. Wako nikauacha mwisho. Kifungo kilikuwa kigumu. Nilitegemea labda utakuwa umeacha pete, au picha ya baba. Ndani kulikuwa na kamba moja tu, ndefu, mafundo mawili na uzi mweupe.

Ya viti. Lakini viti gani? Niliijaribu mlangoni, haikulingana. Niliijaribu ukuta wa dirisha, ikazidi. Stuli hazihitaji kamba ndefu namna ile. Ndipo nikakumbuka ile siku katika wiki zako za mwisho, uliponiambia nikuinue uegemee ukuta, ukanipa ncha ya kamba nikaishike kwenye pembe, nawe ukaivuta mpaka miguuni pako. Nilidhani ni homa. Nilikuwa nikisema ndiyo Mama, ndiyo Mama, huku nikitaka ulale. Ukapiga fundo kwa vidole vile visivyo na nguvu, ukaniambia niende nikakuletee maji. Uzi lazima uliufunga nilipotoka.

Nikakivuta kitanda chako katikati ya chumba. Nikaweka fundo moja kwenye pembe, nikanyoosha kamba kuufuata ukuta. Fundo la pili likafika ukingo wa mlango sawasawa, halikuzidi hata upana wa kidole. Ulikuwa umepima benchi mahali pa kitanda chako, nawe ungali umelala juu yake. Ulijua wageni watakuja siku moja, na ulijua nani atashindwa kukiondoa.

Nililia, Mama, sitakuficha. Nililia nikiwa nimeshika kamba, nikakukasirikia kidogo pia, kwamba ulikuwa na nafasi ya kunifikiria mimi wakati mimi ndiye niliyepaswa kukufikiria wewe. Kisha nikanawa uso, nikamwita fundi wa mtaani. Tulitumia mbao zile zile za kitanda chako juu ya matofali yako yale yale. Zilitosha. Pazia nikalifua, likakauka, nikalikunja mara nne likawa tandiko la benchi. Hatukuazima hata kijiko. Ndinda aliporudi alisimama mlangoni. Nikampa kamba, nikamweleza. Alikaa kwenye benchi muda mrefu, kisha akaenda mwenyewe kumwambia Mama Wanjiru asante, sebule haitahitajika, lakini yeye aje kama mgeni.

Walikuja Jumamosi. Saa ya ukutani hatuna, kwa hiyo mjomba alipouliza ni saa ngapi kila mtu alitazama mkono wake, nami nikacheka peke yangu. Mwanga wa dirisha, ambao pazia lilikuwa likiuzuia miaka yote, ulifika mpaka ukuta wa mwisho. Mamake Kyalo alikaa kwenye benchi, pale ulipokuwa ukiweka kichwa. Alitazama dari, akatazama kioo, akanywa chai polepole. Ndinda alikuwa akipindapinda kitambaa cha kichwa, nami nikajua anangoja hukumu. Yule mama akasema, "Hii chumba ni kidogo, lakini hakuna mahali mtu anajigonga. Ni nani aliipanga?"

Nilifungua mdomo. Ndinda akaniwahi.

"Ni mama yetu. Hata hapo umekaa, ni yeye alipima."

Hodi yao tumeipokea. Ndinda ataondoka baada ya mavuno, kwenda kuanza nyumba yake, chumba kimoja huko Kajiado. Kamba nyeupe ataenda nayo. Nami nakuahidi nitampimia mlango kabla hajanunua chochote, hata akinikasirikia, hata Kyalo akiwa na hamu ya sofa za watu saba.

Kitanda sitakirudisha. Pumzika sasa, Mama, umefanya kazi ya kutosha ukiwa umelala. Nafasi uliyotuachia tumeikalia.

Ni mimi mwanao,
Mwikali