Chumba Ambacho Sikukipiga Deki

Mshauri wangu mpendwa, pole na kazi ya kusoma shida za watu, na leo nakuongezea yangu, naomba unisaidie maana nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe na sijui nitajifungua vipi bila kuaibika.

Mimi ni mama mtu mzima, kazi yangu ni usafi, nimepiga deki miaka thelathini na moja, maofisi, zahanati, nyumba za watu wenye nazo, na kwa deki hiyo hiyo nimemsomesha binti yangu wa pekee mpaka leo anapiga picha za eksirei hospitalini, amevaa koti jeupe, na nikipita pale mapokezi wananiita mama daktari na mimi siwasahihishi. Sasa huyu binti amejinyima miaka sita, amepata nyumba ndogo ya zamani, vyumba viwili na sebule, jiko kwa nyuma, bati limeshika kutu, madirisha ya mbao yamevimba, sakafu ni ile ya saruji nyekundu ya kizamani, na mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu anayehamia kwa mwanawe. Kabla ya kutoa neno aliniambia, "Mama, mimi naona mifupa ya watu. Ya nyumba kaniangalizie wewe." Mshauri, nilitembea na maneno hayo wiki nzima, nilikuwa nayachomoa kazini peke yangu nikitabasamu, wenzangu wakadhani nimepata mchumba.

Siku ya kukagua tulikuwa wanne, binti yangu, mimi, dalali, na kaka yangu ambaye ni mkandarasi na hapendi watu wasahau. Kaka aligonga kuta, akakunja uso, akaonyesha ufa juu ya mlango wa sebuleni akasema huo ni msingi umekwenda, nyumba ya kubomoa hii, mtoto atafute kiwanja. Mimi nikavua viatu nikaomba ndoo na tambara. Kaka akacheka, akaniuliza nimekuja kununua nyumba au kutafuta kibarua, na tangu siku hiyo ananiita Profesa wa Ndoo. Nikapiga deki, kwa sababu sakafu ukiimwagia maji itakuambia nyumba imelalia upande gani, na sebuleni maji yalitandaa yakatulia, jikoni yalikwenda kwenye tundu lake bila kusukumwa, kuta kwa chini nilizipapasa ni kavu, na ule ufa wa kaka nikapanda kiti nikaupangusa, ukatoa vumbi la miaka na utando wa buibui, na ufa unaoendelea kufunguka buibui hana nafasi ya kujenga humo, tena mlango ulio chini yake unafunga kwa kidole kimoja. Nikawaeleza hivyo hivyo. Kaka akaenda nje kuangalia bati. Binti yangu akanigeukia mbele ya wote akaniuliza nasemaje. Nikasema, "Nyumba hii haina tatizo. Chukua." Naye hakuuliza mara mbili, akamwambia dalali ameichukua.

Sasa sikiliza aibu yangu. Chumba cha nyuma kilikuwa kimefungwa, ufunguo alikuwa nao mwalimu na mwalimu siku hiyo hakuwepo. Nililijua hilo wakati natamka, nililijua kabisa, lakini utamu wa kumnyamazisha kaka ulinizidi. Moyo ukakataa kutulia, Alhamisi nikarudi peke yangu, nikamwambia mwalimu nataka kupima mapazia, akanifungulia akarudi zake kukaa barazani. Nikamwaga ndoo moja. Maji yakaondoka, mshauri, yakaenda yote kwenye kona, yakaingia chini ya ukuta, hayakurudi. Nikamwaga ya pili, yakafuata wenzake. Nikainua mkeka uliokuwa pale konani, ufa kati ya sakafu na ukuta unaingia kidole changu hadi kifundo cha kwanza, na hapo hapana buibui wala vumbi. Nikazunguka nje nikaona kona hiyo haina mfereji wa bati, mvua ya miaka yote imemwagikia hapo ikachimba udongo.

Sijamwambia mtu. Binti yangu amewatangazia hospitali nzima kwamba nyumba yake imekaguliwa na mama yake, mpaka daktari mkuu amenipa mkono. Kaka akisikia atanichezea ngoma hadi nife. Mkataba unatiwa saini mwisho wa mwezi. Nimeongea na fundi mmoja nimjuaye, aje Jumamosi hii aujaze ule ufa wa konani saruji na kuupaka rangi nyekundu, nitamwambia mwalimu ni zawadi yangu kwa mwanangu, na binti asijue. Je, ni vibaya? Si wahenga wenyewe walisema usipoziba ufa utajenga ukuta?

Ni mimi, Profesa wa Ndoo.

MSHAURI ANAJIBU:

Profesa, barua yako imefika Jumatatu na nimeipitisha mbele ya zote, kuna mwanamume hapa anayegombana na mkewe juu ya jogoo, atasubiri.

Kwanza nikupe haki yako. Nimesoma ile habari ya buibui mara tatu. Nimeishi kwenye nyumba sita maishani, na kila moja nimeingia kwa kuangalia rangi ya ukuta na upana wa dirisha, wala haikunijia hata siku moja kumwaga ndoo ya maji nikatazama yanakokwenda. Kama ningekujua wakati ule ningeokoa vitanda viwili na kabati. Kwa hiyo usinililie kwamba wewe ni mtu wa deki tu. Unajua kazi yako, tena unaijua kuliko wengi wenye vyeti ukutani, na huyo binti hakukuita kwa huruma. Alikuita kwa sababu amekua akikuona.

Sasa nikukaripie, na ukae vizuri. Wahenga walisema uzibe ufa, hawakusema uuzibe kwa siri mtoto asione. Wewe unajua fika kwamba saruji utakayomwaga pale haitazuia kitu, maana udongo chini umeshaondoka na mvua ijayo itaondoa uliobaki. Miaka miwili haitapita, ufa utarudi na ukuta nyuma yake, na wakati huo jina kwenye hati litakuwa la mwanao. Umeshika tambara miaka thelathini na moja ukiondoa uchafu wa watu, leo unataka kuanza kuufunika? Na bibi mzima kumdanganya mwalimu mstaafu kwa habari ya mapazia, hata hilo nalo limenichekesha kwa huzuni.

Tena ulikosea mahali padogo kuliko unavyodhani. Sebule ulisema kweli. Jiko ulisema kweli. Kosa lako ni kusema "nyumba hii" wakati hujaiona yote, na kosa hilo umelikuta wewe mwenyewe, ukarudi siku ambayo hakuna aliyekutuma, ukapiga magoti kwenye chumba cha mtu ukainua mkeka. Kaka yako mkandarasi alirudi? Dalali alirudi? Hilo la kurudi ndilo ningelitangaza hospitali nzima kama ningekuwa mwanao.

Basi fanya hivi. Fundi wako wa Jumamosi mwambie asije. Mpeleke binti kwenye chumba hicho, mwage ndoo mbele yake, usimweleze kitu mpaka maji yaishe kwenda. Yeye kila siku anawaonyesha watu picha za mifupa iliyovunjika, hatazimia kwa kona moja. Kisha, na hapa najua utasonya, mwite kaka yako. Ndiyo, huyo huyo. Wewe umeona maji yanakokwenda, lakini kujua msingi umeharibika kiasi gani kunataka mtu wa kuchimba pembeni mwa kona ile na kuutazama, na hiyo ni kazi yake. Atacheka. Atasema alisema. Mwache aseme, alikuwa akisema juu ya ukuta mwingine kabisa, na ukitaka unaweza kumkumbusha mara moja, zaidi ya hapo ni ugomvi. Akishamaliza kucheka mpe jembe.

Akichimba akakuta ni kona tu iliyoliwa na mvua, jambo hilo lina dawa: kuijenga upya kwa mawe na saruji, kuweka mfereji wa bati, na kuyapeleka maji mbali na ukuta. Mwambieni mwalimu waziwazi, na mkubaliane nani anatengeneza na bei inashuka kiasi gani, yaandikwe kwenye mkataba kabla kalamu haijagusa saini. Akikuta ufa umetembea ukuta mzima wa nyuma, ondokeni, mshukuruni mwalimu kwa muda wake, nyumba ndogo za zamani hazijaisha duniani. Na uamuzi ni wa binti. Ulishamwamulia mara moja, inatosha.

Najua kinachokuuma. Unaogopa kwamba ukifungua mdomo, yule mama aliyesimama sebuleni na ndoo yake, watu wazima wakanyamaza kumsikiliza, atapotea. Hapotei. Mwanao alikuomba macho yako, hakukuomba usikosee. Kosa la chumba kimoja yeye atalisahau kabla hajahamia. Lakini siku atakapoinua sakafu akakuta saruji ya mama yake chini, hataamini tena hata ile sebule uliyosema kweli.

Leo ni Alhamisi na gazeti liko mkononi mwako. Liweke chini, chukua simu, mwambie, "Mwanangu, kuna chumba sikukiangalia, nimekiangalia sasa, njoo." Maneno kumi hayafiki. Mengine atayaona mwenyewe yakienda kwenye kona.