Hereni za Samaki

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Goti la Mama limetulia, au bado ndilo linaloamua nani aende dukani? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku ng'ambo tu wazima. Shemeji yako anakohoa kidogo na kulalamika sana, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye.

Nakuandikia kwa ajili ya kazi. Ofisi yetu ni ya nchi zote mbili, wakubwa wa kwenu na wa huku wanakaa meza moja. Samaki hawajui mpaka. Wanakulia upande mmoja, wanakwenda kutaga upande mwingine, na sasa wanapungua kote. Ndiyo maana mimi na wenzangu tunawakamata, tunawapachika mgongoni kijiuzi cha plastiki cha njano chenye namba, kisha tunawaachia. Ukimpata mmoja, kata kile kijiuzi uniletee, uandike ulimpata wapi. Tukishaijua njia wanayopita kwenda kutaga, njia hiyo itafungwa kwa meli kubwa za kukokota nyavu. Nyinyi wa mashua mtavua kama kawaida.

Manahodha wa gati lenu wanakusikiliza wewe. Usiniangushe, kaka.

Mdogo wako

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nyumbani hatujambo. Mama anasema goti ni zima, ila miguu ndiyo imekuwa mikaidi.

Hivyo vijiuzi vyenu tumeviona. Gatini wanaviita hereni, na mpishi wa mashua yangu anadai samaki wa siku hizi wanakwenda harusini. Tulicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Serikali ya huko imeanza lini kuzihurumia mashua za huku? Umesahau ile doria yao ya baharini? Walikuja na tabasamu hilo hilo, wakaomba tuwaonyeshe tunapotega, tukawaonyesha. Waliporudi walikuwa na bunduki, wakaondoka na nyavu zetu. Leo wamemtuma dada yangu. Wamechagua vizuri.

Na hilo la mashua kuachwa, nani kakwambia? Umeliona limeandikwa, au uliambiwa mkinywa chai?

Sisemi wewe ni mwongo. Nasema umeajiriwa.

Kaka yako

15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini Mama na wote mmeamka salama. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechubuka. Barua yako niliisoma nikaificha kabatini, shemeji yako asiione.

Ni kweli, sijaona limeandikwa. Niliambiwa na mkuu wa ofisi, naye namwamini. Unadhani huku napendwa? Wavuvi wa huku wananiuliza, kwani wewe si wa kule? Hereni zinarudi kutoka kila gati isipokuwa la kwenu, na mkuu ameanza kuniuliza kaka yangu anaficha nini. Nimesimama katikati, huku nasukumwa, kule nasukumwa.

Tafadhali, hata chache tu.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Acha kulia, Mama akijua atanikosesha chakula. Ndani ya bahasha hii zimo hereni za mashua zote za hapa. Mama mwenyewe ndiye aliyezikata alipokuwa akisafisha samaki pale gatini, akazifunga pamoja zisipotee.

Zote tulizipata kwenye lile jiwe la mavi ya ndege, kule mbali baharini. Ukiwauliza manahodha wengine watakwambia hivyo hivyo. Wewe andika jiwe, basi.

Kaka yako

20 Juni

Kaka yangu kipenzi,

Shikamoo, tena shikamoo! Wakubwa wamesaini! Mkuu ametundika ramani ukutani, hereni zenu ni vitone vyekundu, vyote vimelizunguka jiwe. Alisema mbele ya watu wote kwamba bila gati lenu tungekuwa bado tunapapasa. Nilisimama pale nikijivuna kama mimi ndiye niliyevua.

Jiwe limefungwa kwa meli zote. Sasa zimehamishiwa kwenye mkondo, pale mbele yenu, kwa kuwa hakuna hata hereni moja iliyotoka pale. Maana yake samaki wa kutaga hawapiti. Zikiwapigia kelele mzivumilie. Na lile uliloniuliza, sasa limeandikwa, nimeliona kwa macho yangu: palipofungwa, mashua ruhusa.

Mwambie Mama kazi ya mikono yake imefika mbali. Mbona hujaniandikia muda mrefu?

Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mimi sijambo kwa kusema tu.

Hakuna aliyepata samaki kwenye lile jiwe. Hakuna anayetupa hata ndoano pale, wamejaa ndege tu. Hereni zote zilitoka mkondoni, hapa hapa mbele yetu. Mimi ndiye niliyewaambia manahodha tuseme jiwe. Nilitaka kukupima. Nilisema, doria ikienda jiweni, basi dada yangu ni chambo. Isipokwenda, nitamwandikia ukweli. Tukawa tunaketi gatini tukilikodolea macho jiwe. Doria haikuja. Ningekuandikia hapo hapo, lakini nikajiambia ngoja kidogo, labda wanatuvizia.

Sasa meli ziko hapa, zinakwenda na kurudi, na msimu wa mayai umeanza. Juzi nilipanda moja kuwaomba wasogee. Nilikuta mayai ya samaki yametapakaa sitahani, baharia anayasukumia majini kwa ufagio huku akipiga mluzi.

Mpelekee mkuu wako barua hii. Kama ni kushtakiwa, nishtakiwe. Naogopa, mdogo wangu. Zikiendelea hivi, watoto hawa watamjua samaki kwa kusimuliwa.

Kaka yako

25 Julai

Kaka,

Shikamoo. Huku tu wazima.

Nilimpelekea. Aliisoma mezani, wakubwa wa nchi zote mbili wakiwepo, kisha akacheka. "Meli zimekaa mbele ya mlango wake, ndipo anakumbuka ukweli," akasema. "Anataka tuziondoe abaki na mkondo peke yake." Wa kwenu ndio waliocheka zaidi. Ramani haitaguswa mpaka mkutano mwingine, na mkutano huo hauna tarehe. Mimi nimetolewa kwenye kazi ya hereni, sasa naosha chupa.

Nilikutetea, kaka. Nilisema huyu hawezi kusema uongo kuhusu samaki. Mkuu akaniuliza, basi barua ipi ndiyo ya uongo, ya Aprili au ya Julai? Akanirudishia barua yako, nikatoka nayo.

Zote mbili ziko mbele yangu. Mwandiko ni mmoja. Hii nikiisoma naiamini, na ile nikiisoma naiamini. Nilikuamini mara ya kwanza bila hata kuuliza, na ona tulipo. Naona aibu kuliandika hili, lakini wewe usinijibu. Mpe Mama kalamu. Yeye ndiye aliyewasafisha samaki wale, aniandikie kwa mkono wake walitoka wapi.

Yeye nitamwamini.

Mdogo wako