Neno "Sisi" kwenye Jiwe la Enos Hogner

Levi amekuwa akigonga patasi, Wynema akipuliza vumbi la jiwe, na wiki hii mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka.

Jina lako limeshachongwa kwa herufi zetu za Kicherokee. Tarehe zako mbili zimeshachongwa. Chini yake linakuja neno moja tu, "tunamkumbuka", nalo limekamilika isipokuwa herufi yake ya kwanza. Mwanao Levi alianzia ya pili, akaenda mpaka mwisho. Mahali pa ile ya kwanza pana jiwe tupu, upana wa vidole viwili. Jumapili ni siku ya kupamba makaburi, na kanisa zima litapita hapo.

Juu ya mwaka wenyewe hatuna mengi ya kukusimulia. Umepita. Wynema, binti yako mkubwa, bado anaishi nyumbani kwako. Kila asubuhi anapika kahawa ya watu wawili, anamimina kikombe chako, kinapoa mezani, anakimwaga wakati wa kuosha vyombo. Hakusudii, mkono unakwenda wenyewe. Gari lako analiwasha kila Jumamosi ili betri isife. Kofia yako iko kwenye msumari. Watu humwuliza kama ameshalia, naye hujibu, "Bado," kama anavyojibu mtu aliyeulizwa kama ameshakula.

Wasiokujua walikuona mtu wa bustani ya miche, na ni kweli, ulifanya kazi huko miaka thelathini na mmoja na mikono yako ilinuka udongo hata Jumapili. Wazee wa huku walikujua kwa mfuko wa shati lako. Humo mlikuwa na kadi, na kipande cha penseli kilichofungwa uzi kisipotee. Shule uliiacha darasa la nane. Kiingereza cha wanasheria ulijifundisha kama mtu anavyojifundisha kutengeneza saa: unafungua, unatazama, unarudisha kila kitu mahali pake. Kila neno gumu la serikali ulilitafutia neno letu, ukaliandika nyuma ya kadi, pamoja na tarehe na jina la mzee uliyemwuliza. Umetuachia masanduku kumi na saba ya viatu, na hakuna hata kiatu kimoja ndani yake.

Ulizaliwa katika taifa lililokuwa na watu bila serikali. Chifu aliteuliwa na rais wa Marekani, mara nyingine kwa siku moja tu, atie sahihi karatasi fulani kisha aende zake. "Asubuhi chifu, jioni anakamua ng'ombe," Babu alikuwa akisema, nasi watoto tukicheka bila kujua tunacheka nini. Ndiyo maana mwaka 1971, tulipomchagua chifu wetu wenyewe kwa mara ya kwanza, ulitoa suti yako ya harusi ukaivaa kwenda kupiga kura. Mama alisimama mlangoni akakutazama juu mpaka chini.

"Unaoa tena?"

"Leo ndiyo naoa," ukamwambia. "Ile nyingine ilikuwa mazoezi."

Hakukupa chakula cha mchana. Ulikula vitunguu mwitu na mayai kwa dada yako, ukarudi umefurahi vilevile.

Kisha ikaja katiba. Mwaka 1976, kabla ya kuipigia kura, ililetwa kusomwa kanisani kwetu kwa ajili ya wazee wasiojua Kiingereza, nawe ukasimama mbele na kadi zako. Mstari wa kwanza ulianza, "Sisi, watu wa Taifa la Cherokee." Ukapekua kadi zako. Watu wakangoja. Mtu akakohoa.

Wasiosema lugha yetu hawawezi kujua ulikwama wapi. Sisi hatuna "sisi" moja. Kuna ile ambayo wewe unayesikiliza umo ndani yake, na kuna ile ambayo wewe umebaki nje. Hazichanganyiki, wala huwezi kuzikwepa; ukishafungua mdomo umeshachagua. Waliouandika mstari ule kwa Kiingereza hawakulazimika kuchagua. Wewe ulilazimika, tena mbele ya watu.

Ukachagua ile ya ndani. Mara sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Enos! Na mimi nimo?"

"Umo, Isom."

"Na nguruwe wangu?"

"Nguruwe hawapigi kura."

"Wapo niliowaona wakipiga."

Kanisa likaangua kicheko, na wewe ukaendelea kusoma mpaka mwisho bila kukwama tena.

Isom Foreman ni jirani yetu wa ng'ambo ya kijito. Babu wa babu yake alikuwa mtumwa wa Mcherokee, akafukuzwa pamoja nasi kutoka mashariki, akitembea njia ileile na kuzika watoto njiani vilevile. Mkataba wa 1866 ukasema yeye na uzao wake ni raia wa taifa letu. Isom anakisema Kicherokee vizuri kuliko nusu yetu. Kadi zako nyingi zina jina lake upande wa nyuma. Kila masika mlivua kamba wa kijitoni pamoja, yeye akivua, wewe ukishika ndoo.

Halafu ukaja mwaka 2007 na kura ya damu. Swali lilikuwa kama raia wabaki wale wenye damu ya Kicherokee peke yao, kwa kufuata orodha ya zamani ya serikali. Huko Washington wakubwa walikuwa wakitutishia tusithubutu. Watu waliokuwa wakitafuta kura za ndiyo wakakuomba usome kwa Kicherokee sentensi moja katika kipindi cha Jumapili cha redio: "Sisi wenyewe ndio tutakaoamua nani ni raia wetu." Ulikubali. Ulipiga kura gani hatukuwahi kukuuliza, wala hukusema. Tunajua tu kwamba ulikuwa mtu aliyezaliwa chini ya machifu wa siku moja, na sentensi ile ilikuingia.

Ulipoisoma, ulitumia "sisi" ya kumwacha msikilizaji nje.

Jumatatu Isom alivuka kijito. Alisimama uani, hakukaa. Wynema alikuwa dirishani akimenya viazi na alisikia kila neno.

"Nimekusikia redioni, Enos."

"Nilisikika vizuri?"

"Vizuri mno. Ile sisi uliyotumia, umemwacha nani nje?"

"Washington."

"Washington haisikii Kicherokee, ndugu yangu." Hakupandisha sauti. "Tunaosikia ni mimi na wewe na wazee mia chache. Sasa ulikuwa unamwambia nani?"

Ulitoa kadi mfukoni ukaitazama, ukaigeuza, ukaitazama upande wa pili. Isom alivua kofia, akaivaa tena, akaondoka. Ulimi hauna mfupa, lakini wako ulikuwa na kadi, Baba, na kadi nayo haikukusaidia.

Ndiyo ikashinda, na miaka ikaenda. Uraia wa Isom na wenzake ukafutwa, ukarudishwa, ukafutwa, ukarudishwa, kila mahakama na neno lake. Dukani walimsikia akisema, "Msinihesabu leo, mimi ni Mcherokee wa Jumatatu na Alhamisi." Watu walicheka. Levi alikusimulia mezani, nawe ukaweka kijiko chini ukaenda kwenye masanduku yako. Ulianza na la kwanza. Kila kadi yenye "sisi" uliitoa ukaichorea duara dogo, na nukta ndani ya duara au nje yake. Ulitaka kujua, kwa miaka yote uliyowatafsiria watu, ulikuwa umemweka nani ndani na nani nje. Ulifika sanduku la kumi na mbili.

Mwaka 2021 Mahakama ya taifa letu ilipoamuru yale maneno ya damu yafutwe katika katiba, uliingia garini kwenda kwa Isom. Wynema ndiye aliyeendesha kwa sababu macho yako hayakuwa mazuri tena. Isom alitoka akasimama barazani.

"Umekuja kuniambia nimerudishwa?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia nilikosea neno."

"Neno gani?"

"Sisi."

"Miaka kumi na minne, Enos. Ulikuwa unatafuta kamusi?"

"Nilikuwa naangalia kadi."

Isom alitazama kijitoni. "Haya," akasema. "Nimekusikia." Hakukukaribisha kahawa. Ila gari lilipokuwa linageuka alisema tutaonana, na akaisema kwa ile namna nyingine ya lugha yetu, ya watu wawili tu, yeye na wewe. Wynema alikuwa na wewe garini, kwa hiyo alijua hayumo. Jioni hiyo ulitueleza habari hiyo mara tatu, na mara zote tatu ulikula vizuri.

Mei iliyofuata ukafariki, kitandani mwako, penseli ikiwa mfukoni. Kaburi lilichimbwa kwa ujima kama desturi. Wakati wa kufukia, Isom, mzee wa miaka themanini na mitano, alitoka kwenye gari lake, akampokonya Levi koleo, akatupa udongo mara nne, akalirudisha. Hakubaki kula.

Sasa turudi kwenye jiwe, kwenye ile herufi ya kwanza inayobeba "sisi". Jana Levi alikuwa ameshainua patasi.

"Tuweke ile ya ndani, dada, tumalize. Kila apitaye anamkumbuka."

"Atakayeisoma ni nani?"

"Watu."

"Watu gani, Levi? Wewe mwenyewe unachonga kwa kufuata karatasi."

"Lakini nachonga vizuri."

Wynema akahesabu kwa vidole waliobaki huku kwetu wanaozisoma herufi zetu. Ni watano. Wawili hawatembei. Mmoja ni mchungaji. Wa nne ni Wynema. Wa tano ni Isom.

"Basi ndiyo sababu zaidi ya kumweka ndani," Levi akasema.

"Bila kumwuliza?"

"Nani anakataa kuwekwa ndani?"

"Mtu aliyetolewa nje na kurudishwa kila mara bila kuulizwa."

Levi akaweka patasi chini. "Na tukichonga ya nje?"

"Basi atasoma redio tena, safari hii juu ya jiwe."

Wakakaa. Wynema anasema hakuhisi uchungu wala hasira. Aliona tu kwamba mikono yake ina vumbi jeupe mpaka viwikoni, na kwamba saa za kwenda kunywa dawa ya shinikizo la damu zimepita. Ndipo alipogundua jambo jingine. Kama neno lingeandikwa kwako wewe, Baba, "tunakukumbuka", kusingekuwa na la kuchagua. Anayekumbukwa hawezi kuwa ndani ya sisi inayomkumbuka. Lugha yenyewe ilikutoa nje mwaka mzima uliopita, na sisi hatukuwa tumeona. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kisha akachukua brashi akaendelea kusafisha mitaro ya herufi.

Asubuhi hii alimpigia Isom simu.

"Mzee Isom, ni Wynema."

"Wynema wa Enos. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi ongea taratibu, nina kikombe mkononi."

"Tunaandika kumbukumbu ya Baba gazetini. Tunakuomba tutaje jina lako, na ile habari ya redio."

"Ilitoka redioni, mwanangu. Siri hiyo mnamficha nani?"

"Kwa hiyo tuandike?"

"Andikeni. Na andikeni kwamba hakujua kuvua kamba hata mmoja. Hilo watu hawalijui."

Tumeandika, Baba. Hukujua.

Wynema alisikia kuku wa Isom kwenye simu. Swali la pili, lile la herufi, lilikuwa tayari mdomoni, maana yeye na Levi walishakubaliana maneno yake. Halikutoka.

"Kuna lingine?" Isom akauliza.

"Hapana, Mzee. Asante."

Akakata simu, akamwaga kahawa yako, akaosha kikombe.

Swali kama hilo halifai simu. Kesho asubuhi atavuka kijito kwa miguu na kumwuliza uso kwa uso: utakuwa ndani, au la? Akisema ndani, Levi atachonga. Akisema nje, Levi atachonga hivyohivyo, nasi tutajua tumesikia. Akisema hajui, Jumapili jiwe litasimama na nafasi yake tupu, na watoto wakiuliza tutawaeleza. Wewe ulikaa na neno hilo miaka kumi na minne. Sisi tunaweza kukaa siku chache.

Gazeti linafunga leo alasiri, kwa hiyo tunalipeleka tangazo hili kama lilivyo. Wanaokukumbuka ni binti yako Wynema. Mwanao Levi na mkewe Lorene. Binti yako mdogo Jolene, aliyeko Tulsa. Wajukuu zako Tasha, Dillon na Ahyoka. Dada yako Nellie Chuculate, ambaye bado anasema alikupikia mayai siku ya kura. Na hapa, baada ya jina la Nellie, tumeacha mahali pa jina moja.

Patasi imefungwa kwenye kitambaa. Masanduku matano hayajaguswa. Tutakukumbuka siku zote zitakazokuja, Baba, sisi, na nani zaidi, tutakwambia kesho.